Baiskeli ya Pao-chin Yafikishwa kwa Babu wa Ardhi

Kundi la Alhamisi lilikuwa na sheria moja tu iliyoandikwa, nayo iliandikwa kwa wino mzito kwenye mlango wa gari: "Anayefagiwa mara mbili ndiye dereva." Sheria nyingine, kama kutotema mate upande unakotoka upepo na kutolitaja tumbo la mwenzako kabla hajanywa chai, zilikaa vichwani na zilivunjwa kila wiki. Hii ya mlangoni haikuwahi kuvunjwa, kwa sababu gari lilihitaji dereva na hakuna aliyekuwa tayari kujitolea.

Kundi lenyewe lilikuwa la wastaafu kumi na wawili wa Shengang. Kila Alhamisi waliendesha baiskeli hadi mtoni na kurudi wakibishana, na kila Novemba, mara moja, walipanda kutoka Puli hadi jiwe la Wuling: kilomita hamsini na tano za mlima, mita elfu tatu mia mbili sabini na tano juu ya bahari. Gari lilifuata nyuma ya mtu wa mwisho. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na saa hiyo ikikupita kabla hujakifika, gari linasimama, mlango unafunguliwa, na baiskeli yako inafungwa juu ya paa mbele ya macho yako. Huko ndiko kufagiwa.

Mwalimu Yu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na minane, alifagiwa akiwa na miaka sitini na sita, akafagiwa tena na sitini na saba. Tangu hapo alikuwa nyuma ya usukani. Aliujua mlima ule kama mtu anavyoujua ua wa jirani, kwa kupitia dirishani. Mwaka huu alitangaza kwamba macho yake yamechoka na kwamba Novemba ijayo ndiyo ya mwisho. Hakusema nani amrithi. Alichukua tu kitambaa, akaifuta vumbi sheria ya mlangoni, akaenda zake.

Wote kumi wakamtazama Lai Pao-chin.

Pao-chin alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mwaka uliopita alifagiwa pale Yuanfeng, kilomita nane kabla ya jiwe. Alikuwa ameshafika mara kumi na moja mfululizo kabla ya hapo, lakini kufika hakuandikwi mlangoni. Sasa kilichobaki kati yake na kiti cha dereva kilikuwa ufagio mmoja tu. Na katika historia ya kundi, hakuna aliyewahi kukikalia kiti kile akarudi kwenye tandiko. Kiti kilikuwa laini na gari lilikuwa na joto. Mtu akishazoea vitu hivyo viwili, magoti yake husaini mkataba bila kumuuliza.

Ndiyo maana, kuanzia Aprili, alianza kuitilia shaka baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya chuma, nyembamba, ya bluu, aliyoipata kwenye kiwanda cha baiskeli mwaka alioanza kazi humo ya kufuma spoki za magurudumu. Ilikataliwa na mkaguzi kwa sababu mstari mweupe wa rangi ulipinda upande wa kushoto. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua zilizokataliwa. Magurudumu alijifumia mwenyewe, baada ya zamu, na kwa miaka thelathini na zaidi rimu zile hazikuwahi kuyumba hata unene wa ukucha. Pao-chin alikuwa na ndugu watatu na hakuweza kusema hivyo kuhusu hata mmoja wao.

Aliipeleka kwa mpwa wake, A-tek, mwenye karakana ya baiskeli nyuma ya soko. A-tek aliitundika kwenye stendi, akaizunguka mara mbili na mikono mfukoni, kama daktari anayetafuta namna ya kuanza.

"Shangazi," alisema, "kuna njia tatu."

"Nilijua utasema mbili, niseme moja, tukutane katikati."

"Tatu. Ya kwanza, tunaitengeneza kama ilivyokuwa. Beringi, mnyororo, waya za breki, tairi. Inarudi ujana. Lakini gia kubwa ya nyuma inabaki na meno ishirini na matatu, na mlima unabaki vilevile."

"Ya pili."

"Tunaiongezea. Gia za kisasa nyuma, mpaka meno thelathini na mbili. Mlimani utazungusha miguu kama unakoroga uji. Shida ni kwamba miguu ya nyuma ya fremu yako ni myembamba. Inabidi tuipanue milimita nne."

"Kuipanua kwa njia gani?"

"Kwa nguvu. Ndiyo uzuri wa chuma, kinakubali. Fremu ya kaboni ukiifanyia hivyo inakujibu kwa mlio."

"Ya tatu ni hiyo," alisema Pao-chin, akionyesha kwa kidevu baiskeli nyeusi ukutani, nyepesi kiasi kwamba ilitundikwa kwa kulabu ya kutundikia kofia.

"Hiyo ni ya Daktari Kang. Amekuja kuichukua leo. Lakini ndiyo, kama hiyo."

Daktari Kang Ming-yao, aliyeng'oa meno ya nusu ya Shengang kabla ya kustaafu, alitokea nyuma ya pampu ya upepo akiwa ameshika chai. Baiskeli yake mpya ilibadilisha gia kwa umeme, bila waya, kwa kugusa tu. Chini ya tandiko A-tek alikuwa amebandika pakiti ndogo ya kijani ya bisi za nazi, ile ambayo kila mtu huweka juu ya mashine ili mashine itulie na kutii. Palikuwa na nyingine juu ya pampu, nyingine juu ya kompyuta, na moja juu ya friji ya karakana, ambayo ilikuwa korofi.

"Dada Chin," Daktari alisema, akiitazama ile ya bluu, "ukiwa juu ya hiyo usisimame karibu na makumbusho. Watadhani umewaletea."

"Daktari, yako isipotii utaing'oa au utaiziba?"

"Yangu ina kompyuta. Inajua ninachotaka kabla sijataka."

"Basi iulize kama unataka kukaa kimya."

A-tek aliinama akajifanya anatafuta spana.

Pao-chin hakuamua siku hiyo. Hakuamua Mei, wala Juni, wala wakati wa tufani mbili za Julai, ingawa alipata muda wa kutosha wa kukaa ndani akiitazama baiskeli. Watu walidhani anashindwa kuchagua kati ya vyuma. Sivyo. Kuitengeneza tu kulikuwa kutangaza kwamba miguu yake bado ni ile ya zamani, na mlima ungekagua tangazo hilo. Kuiongezea gia kulikuwa kukiri kwamba si ile. Na kununua mpya kulikuwa kusema kwamba kosa lilikuwa la baiskeli siku zote, na hapo ndipo palipomtisha zaidi. Mtu akifagiwa juu ya baiskeli ya zamani, ana wa kumlaumu. Akifagiwa juu ya mpya, mshtakiwa anabaki mmoja tu.

Ilipofika Oktoba, akiwa hajaamua, alifanya kile ambacho mtu yeyote wa Shengang angekifanya tangu mwanzo. Alinunua machungwa sita, akaenda kwa Babu wa Ardhi.

Hekalu la Babu lilikuwa dogo, nyuma ya kile kiwanda cha zamani, kati ya shamba la magimbi na ukuta. Babu mwenyewe alikaa ndani na ndevu zake nyeupe, akitabasamu kama mtu aliyeshiba. Yeye si mungu wa mambo makubwa. Vita na tufani vina wenyewe. Babu hushughulika na kuku waliopotea, mipaka ya mashamba na watoto wasiolala, na Pao-chin aliona baiskeli inaingia humo vizuri. Bi Hsu, mtunza hekalu, alikuwa mlangoni na wanawake wawili wakikunja karatasi za dhahabu za kuchomwa. Mmoja wao alikuwa shemeji yake Daktari Kang. Hilo Pao-chin aliliona, akalipuuza, na kulipuuza ndilo kosa lake la kwanza.

Alichoma ubani. Akapiga magoti, akataja jina lake, siku yake ya kuzaliwa kwa kalenda ya mwezi, na anwani yake mpaka ghorofa na mlango, ili Babu asimchanganye na Lai Pao-chin wengine. Kisha akachukua vile vibao viwili vyekundu, kila kimoja na umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Ukiuliza ukavitupa, kimoja kikalala bapa juu na kingine mviringo juu, Babu amekubali. Vyote viwili mviringo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anacheka.

"Babu, niitengeneze tu kama ilivyokuwa?"

Vibao vikaanguka, bapa na bapa. Babu alicheka. Akarudia. Alicheka tena.

"Babu, niiongezee gia?"

Cheko. Na cheko.

"Ninunue mpya?"

Cheko. Alipotupa mara ya sita, kibao kimoja kilisimama kwa ukingo, kikatetemeka kama kinachozuia kicheko, halafu kikalala bapa. A-tek, aliyewahi kusoma hesabu chuoni, alijaribu baadaye kupigia hesabu uwezekano wa jambo kama hilo, akaweka kalamu chini, akabadilisha pakiti zote za kijani karakanani.

Kukunja karatasi kulikuwa kumesimama. Bi Hsu alisogea.

"Chin, Babu hachekagi bure. Kuna kitu unataka kukijua, nawe unamuuliza kingine."

"Namuuliza baiskeli, Bi Hsu. Baiskeli ni baiskeli."

"Yeye haoni hivyo."

"Sita! Amenicheka mara sita!"

"Mpwa wangu alichekwa mara tisa kuhusu mchumba. Akaoa. Sasa tunacheka sote."

Magoti ya Pao-chin yalikuwa yakiuma, na yalikuwa magoti yaleyale yanayobishaniwa. Hasira ikampanda. Akamtazama Babu usoni, akasema kwa sauti iliyofika shambani: "Basi unataka nini? Unataka nikaendeshe gari?"

Wazee wa pale wana miiko mingi, na mmoja wanaufundisha watoto hata kabla ya kuwafundisha kuvuka barabara: usimuulize mungu swali la hasira ukiwa na vibao mkononi. Mtu husema lolote, mungu husikia lolote, lakini mikono ikiwa mitupu ni maneno tu. Mikono ya Pao-chin haikuwa mitupu. Ilikuwa pia mikono ya mfuma spoki, iliyofanya kazi miaka thelathini bila kushikilia kitu pasipo kukitumia. Ikatupa.

Bapa moja. Mviringo moja.

Hekalu likanyamaza kiasi kwamba magimbi yalisikika yakiota.

"Nilikuwa sijauliza," alisema Pao-chin.

"Umeuliza," alisema Bi Hsu kwa upole. "Jambo zito linataka mara tatu."

Angeweza kusimama akaondoka. Lakini kumwacha mungu katikati ya sentensi hakufanywi, hata na watu wasio na adabu, na Pao-chin alikuwa nayo. Akatupa ya pili. Babu alikubali. Akatupa ya tatu akiwa amefumba macho, na hakuhitaji kuyafumbua, kwa sababu shemeji wa Daktari Kang alisema "Aiyaa!" na papo hapo akasikika akitafuta simu kwenye mfuko wa aproni.

Kabla Pao-chin hajafika nyumbani, wale wenzake kumi walikuwa wameshampongeza kwa cheo chake kipya. Daktari Kang alituma picha ya kofia ya udereva. Mwalimu Yu alituma neno moja, "Pole," na baada ya saa nzima akaongeza: "Klachi yake inashika juu."

Hakubisha. Neno la Babu lililotoka mara tatu halikatiwi rufaa. Lakini sasa, jambo likiwa limekwisha, aligundua kitu cha ajabu: usingizi ulimrudia. Na Jumamosi iliyofuata, bila sababu aliyoweza kuitaja, alibeba baiskeli ya bluu mpaka karakana akamwambia A-tek afunge mlango.

"Ya pili," alisema.

"Shangazi, si unaendesha gari?"

"Gari halihusiani. Nimechoka kuiona inanitazama."

Wakapanua miguu ya nyuma ya fremu kwa ubao na mkono wake mwenyewe, taratibu, milimita nne, wakivuta uzi kutoka mbele hadi nyuma kuona kama imebaki sawa. Chuma kilikubali. Kwa kitovu kipya cha gurudumu alikataa kufumiwa na mtu. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, spoki thelathini na sita mapajani, akafuma ile rimu ya zamani kwa saa moja na nusu, akizungumza habari za bei ya samaki, bila kutazama chini hata mara tatu. Gurudumu lilipozunguka kwenye stendi lilikuwa kimya.

"Pakiti ya kijani niweke?" aliuliza A-tek.

"Weka kwa wanaohitaji."

Siku ya mlima ilifika na baridi yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale Puli, kumi waliondoka na taa zao, na Pao-chin akakaa kwenye kiti cha dereva. Kando yake alikuwa Mwalimu Yu, aliyekuja kumkabidhi rasmi gari, pamoja na chupa ya chai ya moto na mfuko wa mayai yaliyochemshwa kwenye chai. Juu ya paa ilifungwa baiskeli ya bluu.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Mwalimu.

"Gari lisilo na baiskeli juu linaonekana la mboga."

Mwalimu alitazama suruali nene ya Pao-chin, na chini ya pindo, kwenye kifundo cha mguu, akaona ukingo wa suruali nyingine, nyeusi, ya kubana, ya kuendeshea baiskeli. Alikuwa mtu aliyesahihisha mitihani miaka thelathini na minane. Alimenya yai.

Wakapita Wushe ndani ya saa yake. Wakapita Qingjing, kondoo wakiwatazama wapandaji kama wanaotazama watu waliokosa kazi. Pao-chin aliendesha vizuri, polepole, na kila kona aliyoipita aliihisi mapajani ingawa mapaja hayakuwa yakifanya kitu. Hapa ndipo anapoinuka kwenye tandiko. Hapa ndipo anapokunywa maji. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga mafuta kwa mdundo wa pedeli, na gari likawa linakwenda kwa kusukumasukuma.

"Chin," alisema Mwalimu, "unanitapisha."

Kilomita moja kabla ya Cuifeng walimkuta Daktari Kang amesimama kando ya barabara. Baiskeli nyeusi ilikuwa imenasa kwenye gia nzito kuliko zote. Alikuwa akiigusa, akiibonyeza, akiibembeleza. Chini ya tandiko lake pakiti ya kijani haikuwepo. Kwenye mashavu yake palikuwa na chembe za bisi.

"Daktari," Pao-chin aliteremsha kioo, "umeila?"

"Nilikuwa na njaa pale Wushe."

"Umeila pakiti ya mashine."

"Ni bisi, Dada Chin! Ni nazi na mahindi! Betri imeisha tu, nilisahau kuichaji."

"Ndiyo," alisema Mwalimu Yu kutoka upande wa pili, kwa sauti ya matanga. "Imesahaulika."

Hatusemi kwamba bisi ndizo zilizofanya vile. Hatusemi pia kwamba hazikufanya.

Wakaipandisha baiskeli nyeusi juu ya paa kando ya ile ya bluu, wakafika Cuifeng saa nne na dakika thelathini na tano. Wengine tisa walikuwa wameshapita. Pao-chin alizima gari. Mbele kulikuwa na kilomita kumi na tano, zile zenyewe, na ukungu ulikuwa umeanza kula miti ya bondeni. Akashuka. Akasimama mbele ya gari, uso kuelekea magharibi, Shengang iliko, au karibu na hapo. Akatoa sarafu mbili mfukoni. Mtu asipokuwa na vibao, sarafu zinatosha: uso mmoja na mgongo mmoja, Babu amekubali.

Akataja jina, siku ya kuzaliwa, na anwani mpaka ghorofa na mlango. Safari hii aliliunda swali kama anavyofunga spoki, robo ya mzunguko kila mara.

"Babu, uliniambia niendeshe gari. Nimeendesha kutoka Puli mpaka hapa. Daktari ana leseni na ana afya, ila akili. Je, nimeshatii, niteremke nipande baiskeli yangu?"

Akatupa kwenye lami. Uso na mgongo.

Daktari Kang aliteremka kutazama. Mwalimu Yu aliteremsha kioo.

Ya pili. Uso na mgongo.

Ya tatu, sarafu moja ililala. Nyingine ilidunda kwa ukingo, ikasimama, ikaanza kuteremka. Wote watatu waliitazama ikivuka mstari mweupe, ikipita chini ya gari, ikitokea upande wa pili kwa mwendo mzuri, ikikata kona ndogo, na kuingia katika tundu la mfereji. Baada ya muda mrefu kidogo ilisikika ikigonga maji.

"Sasa hiyo inahesabiwaje?" aliuliza Daktari.

Pao-chin alimgeukia Mwalimu Yu.

"Mimi ni wa jiografia," alisema Mwalimu. "Naweza kukuambia maji hayo yanakwenda mto gani."

Sarafu nyingine alikuwa nayo. Aliigusa mfukoni, akaigeuza kwa kidole. Ingetosha kurudia. Angeweza kurudia mpaka jioni, kama alivyorudia tangu Aprili, akiuliza vyuma, akiuliza mpwa, akiuliza mungu. Kule bondeni ukungu ulikula mti mmoja, ukala wa pili.

Aliiacha sarafu mfukoni.

"Daktari, gari la klachi unaliweza?"

"Naliweza."

"Inashika juu. Na kiti kirudishe nyuma, una miguu mirefu."

Akapanda juu ya paa kufungua kamba. Aliposhuka na baiskeli ya bluu na kuvua suruali nene, Mwalimu Yu alikuwa tayari amefungua mlango wa nyuma ili aitupie humo.

Kilomita tano za mwanzo alizungusha miguu kama anakoroga uji, kama alivyoahidiwa. Katika zile zilizofuata uji uliganda. Nyuma yake gari lilinguruma bila haraka, na mara kwa mara Daktari alitoa kichwa dirishani.

"Dada Chin! Humu ndani kuna joto!"

"Hongera!"

"Mwalimu ananipa yai!"

"Litafune polepole, lisije likawa la mashine!"

Alifika Yuanfeng, pale alipofagiwa, dakika sita kabla ya saa sita, saa ya kituo hicho. Hakusimama. Baada ya hapo hakuwa na pumzi ya kujibu tena. Hewa ilikuwa nyembamba na mwanzi mfupi wa mlimani ulilala kwa upepo. Gurudumu la nyuma lilikuwa kimya chini yake, na kwa muda mrefu hicho kilikuwa kitu pekee alichokifikiria: kwamba liko kimya. Alipita Kunyang saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Zilibaki kilomita mbili na nusu, zilizo kali kuliko zote, na saa saba kamili ilikuwa saa ya jiwe. Alijua hesabu. Aliyejenga magurudumu maisha yake yote hadanganywi na mzunguko: zilihitajika dakika zaidi ya ishirini, na alikuwa nazo kumi na mbili.

Akaendelea kukanyaga, akisubiri mngurumo usogee.

Haukusogea. Kona ya kwanza, hakuna. Ya pili, upepo tu. Alidhani masikio yamezibwa na mwinuko. Hakugeuka, kwa sababu katika mwinuko ule kugeuka ni kuanguka. Ilipopita saa saba alijua imepita, na bado hapakuwa na mtu nyuma yake. Alifika kwenye jiwe saa saba na dakika kumi na moja, akaegemeza baiskeli juu ya maandishi, akaegemea baiskeli. Wale tisa, wamevaa makoti, walimtazama kama mtu aliyetoka ardhini.

"Gari liko wapi?" waliuliza.

Hakujua. Gari lilitokea dakika nane baadaye. Mwalimu Yu alishuka wa kwanza, akikausha mikono kwa leso.

"Alitaka choo pale Kunyang," alilalamika Daktari Kang. "Nikamwambia, Mwalimu, si usubiri dakika chache tu? Akasema, mwaka jana nilisubiri, haraka ikanifanya nimfagie yule mtoto wa watu pale Yuanfeng, mwaka huu sisubiri. Amekaa humo dakika ishirini na tano! Nimegonga!"

"Maji yalikuwa baridi," alisema Mwalimu.

"Lakini amefika saa saba na kumi na moja. Amechelewa. Na ameanzia Cuifeng!"

"Amechelewa," Mwalimu alikubali, akaikunja leso yake mara nne. "Hilo la Cuifeng litajadiliwa Alhamisi, na nadhani litajadiliwa Alhamisi nyingi. Lakini soma mlango, Daktari. Pameandikwa kuchelewa? Pameandikwa kufagiwa. Ufagio ulikuwa chooni."

Walipiga picha. Katika picha hiyo Daktari Kang hayumo, kwa sababu alirudi garini kupasha moto mikono na akakataa kutoka. Wakati wa kuteremka aliendesha yeye, akajaribu redio, akapata kituo cha nyimbo za zamani. Alhamisi iliyofuata alifika na mto wa kuweka kwenye kiti cha dereva. Alisema ni kwa wiki hiyo tu.

Pao-chin alinunua machungwa sita mengine, akaenda nyuma ya kiwanda. Alichoma ubani. Akataja jina, siku ya kuzaliwa, na anwani mpaka ghorofa na mlango, akashukuru. Bi Hsu alimsogezea vibao vyekundu, kwa adabu, kama mtu anavyosogeziwa chai.

"Una swali?"

Babu wa Ardhi alitabasamu, ameshiba.

"Sina," alisema Pao-chin, na mikono yake akaificha mgongoni.